Mikebe mitatu ya nyama kwenye mbabula moja

Umeme ulipokatika siku tatu mfululizo mtaani kwetu mwezi wa kumi, katikati ya joto lile ambalo kila mkazi wa Lubumbashi analijua kabla mvua hazijatulia, nilitupa kilo nne za nyama ya ng'ombe zilizokuwa kwenye friji. Sikulia, lakini nilipiga hesabu. Jioni ya siku hiyo nilimtuma mwanangu butiki ya jirani alete mkebe wa nyama, tukaula kwa bukari (ugali), na wakati wa kuosha sahani nikajiuliza kwa nini chakula hiki, ambacho tumekila tangu utotoni, hatujawahi kukichungua jinsi tunavyochungua unga kwa vidole au samaki kwa macho yake. Juma lililofuata nilinunua aina tatu katika maduka matatu, mikebe kadhaa ya kila aina, nikaipika kwa njia mbalimbali kwa muda wa wiki tatu. Wasaidizi wangu wa kuonja walikuwa mume wangu, watoto wetu watatu, na shangazi yangu wa Likasi, ambaye alikuja kututembelea katikati ya shughuli hiyo na kuigeuza yote juu chini.

Nianze na jina, kwa kuwa ndani yake kuna jambo litakalotufaa mbele. Kwenye karatasi huandikwa «corned beef», nasi nyumbani tunasema nyama ya mkebe, na hivyo ndivyo nitakavyoendelea kuiita. Jina hilo la kigeni halina uhusiano wowote na mahindi, ingawa watu wengi hudhani hivyo wakiona neno la Kiingereza ambalo siku hizi hutumika kwa mahindi. Zamani neno hilo lilimaanisha punje ya kitu chochote, na punje zinazotajwa hapa ni za chumvi ya mawe ambayo nyama ilifukiwa ndani yake ili isioze. Kabla ya kuwa nyama ya mkebe, basi, chakula hiki kilikuwa nyama ya chumvi. Mkebe ulikuja baadaye sana.

Mkebe wa kwanza, ambao nitauita mwekundu kwa sababu ya karatasi yake, niliununua katika duka kubwa la vyakula katikati ya mji. Ni wa umbo lile la zamani, upande mmoja mpana na upande wa pili mwembamba, wenye ufunguo mdogo wa chuma uliobandikwa ubavuni. Una gramu 340, umetengenezwa Brazili, na orodha ya vilivyomo ni fupi kiasi kwamba mtoto wangu wa darasa la tatu aliisoma bila kukwama: nyama ya ng'ombe, chumvi, sukari, na sodiamu nitriti. Wa pili, wa bluu, niliupata Soko la Mzee Kabila, nao una umbo lile lile na uzito ule ule, ila bei yake ni ndogo kidogo. Wa tatu, wa kijani, nilinunua katika butiki moja ya komini ya Kenya (msomaji wa mbali asichanganyikiwe, Kenya hii ni mtaa wa hapa Lubumbashi), nao ni wa duara, una pete ya kuvutia juu, na umetoka kusini kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kama sehemu kubwa ya vitu vya mkebe tunavyokula katika mji huu.

Huu wa kijani ulikuwa wa bei nafuu kuliko yote, na sababu iliandikwa waziwazi kwa yeyote anayejisumbua kusoma. Karatasi yake haisemi «beef», yaani nyama ya ng'ombe. Inasema «meat», yaani nyama tu, na chini yake kwa herufi ndogo zinatajwa nyama ya ng'ombe, maji, protini ya soya na wanga wa ngano. Orodha kama hizo hufuata uzito, kilicho kingi kikitangulia, kwa hiyo maji yakishika nafasi ya pili mnunuzi ajue kwamba amelipia maji pia. Sisemi kwamba huo ni udanganyifu, kwa sababu kila kitu kimeandikwa. Nasema ni bidhaa nyingine, na kuilinganisha kwa bei na mkebe mwekundu ni sawa na kulinganisha maziwa na chai ya maziwa. Mwekundu na wa bluu ilikuwa na muhuri wa halali pia, jambo ambalo majirani zetu Waislamu huliangalia kabla ya bei, na ambalo hata mimi nisiye Mwislamu huliangalia, kwa kuwa linanihakikishia kwamba hakuna nguruwe aliyejificha ndani.

Kufungua mkebe wa ufunguo ni kazi inayodai utulivu. Umbo lake la kupungua upande mmoja si pambo: lilipewa hataza huko Marekani mwaka 1875, wakati viwanda vya nyama vya Chicago vilipotafuta njia ya kuitoa nyama ikiwa kipande kizima. Ukiukata utepe ulio karibu na upande mpana na kuuinamisha mkebe, nyama huteleza yenyewe, kwa sababu njia iliyo mbele yake ni pana kuliko ilikotoka. Hayo ndiyo yanayotakiwa kutokea. Katika mkebe mwekundu yalitokea hivyo kila mara. Katika mmoja wa bluu ufunguo ulikatika nusu ya safari, utepe ukabaki umening'inia kama wembe, na mume wangu, aliyekuwa amejitolea kwa majigambo, alimalizia kazi kwa kisu na kwa kitambaa kilichofungwa kwenye kidole gumba. Mwenye watoto asiwaachie kazi hii. Kwa pete ya mkebe wa kijani hakukuwa na taabu yoyote, na hiyo ndiyo sifa pekee nitakayoupa bila masharti.

Nilipoziweka nyama tatu kwenye sahani tatu, tofauti zilionekana kabla ya kuonja. Ya mwekundu ilikuwa na nyuzi ndefu zinazoonekana wazi, rangi ya waridi iliyokolea, na madoa meupe ya mafuta yaliyotawanyika. Ya bluu ilikuwa na nyuzi fupi zaidi, na juu yake tabaka la mafuta ambalo kwa joto la mwezi wa kumi lilikuwa limeanza kuyeyuka hata kabla ya kufika jikoni. Ya kijani ilikuwa laini mwanzo hadi mwisho kama pate ya kupaka mkate, haina nyuzi za kuvuta, na kisu kilipita ndani yake kama kinapita kwenye sabuni. Rangi ile ya waridi, ambayo huwashangaza watu kwa kuwa nyama yetu ikiiva huwa ya kahawia, hutokana na nitriti iliyotajwa kwenye orodha. Kazi yake ya msingi ni kuzuia bakteria wa botulizimu, ambao hupenda sana mahali pasipo na hewa, na ndani ya mkebe hamna hewa.

Sasa nije jikoni, ambako ndiko kesi ilikosikilizwa.

Kwanza nilipika jinsi mama yangu alivyokuwa akipika, na nadhani mama wengi wa mji huu. Unakaanga kitunguu kwa mafuta, unaongeza nyanya nyingi, unamimina maji, unatia nyama ya mkebe, unafunika, unaacha ichemke kama mchuzi wa nyama ya kawaida mpaka watoto waanze kuulizia. Nilitumia mkebe mwekundu, ulio bora, na matokeo yalikuwa yale yale ninayoyakumbuka: uji mwekundu wenye chumvi, ambao ndani yake nyama imepotea kabisa, na juu yake yanaelea mafuta ya rangi ya machungwa. Watoto walikula, kwa sababu watoto wangu hula. Mume wangu aliuliza kwa upole nyama iko wapi.

Iko wapi, kweli? Jibu ni kwamba nyama ile ilikuwa imekwisha kupikwa kabla sijaigusa. Kiwandani hupikwa, huondolewa mifupa na mishipa mikubwa, hukatwakatwa na kukolezwa, hushindiliwa mkebeni, kisha mkebe uliofungwa hupikwa tena kwa joto linalopita lile la maji yanayochemka ili vijidudu vyote vife. Baada ya safari hiyo, ile mishipa myeupe inayoshikilia nyama mbichi pamoja imegeuka kuwa jeli, na nyuzi zinabaki zimeshikana kwa jeli hiyo na kwa mafuta yaliyoganda. Ukiitia ndani ya maji ya moto unayeyusha gundi yote kwa mpigo, na kilichobaki hakina budi kutawanyika. Kuichemsha kwa saa nzima ili «iive» ni kumpeleka mtu shule ya msingi baada ya kupata shahada. Askari wa Kifaransa wa Vita vya Kwanza vya Dunia, walioiita kwa jina la nyani, waliila baridi, mkebe mkononi, na angalau katika jambo hilo walikuwa wameelewa wanachokula kuliko sisi.

Jaribio la pili lilikuwa la kikaango bila mafuta na bila maji. Nilikata nyama ya mkebe mwekundu vipande vya unene wa kidole, nikaiweka kwenye kikaango kilichopata moto wa makala (mkaa) juu ya mbabula, jiko letu, nikajizuia kuikoroga. Kujizuia huko ndiko kugumu. Mafuta yake yenyewe yanaanza kutoka baada ya dakika moja au mbili, harufu inabadilika kutoka ile ya mkebe hadi ile ya nyama ya kuchoma, na upande wa chini unajenga gamba la kahawia linaloshikana. Hapo ndipo unageuza kwa mwiko mpana, mara moja tu, unatandaza vitunguu vilivyokatwa vyembamba juu yake, na pilipili mbichi moja iliyopasuliwa. Kitunguu kinaiva kwa mafuta ya nyama. Mwisho unakamulia ndimu, na chumvi huigusi kabisa. Kwa bukari ya moto na lengalenga (mchicha) pembeni, chakula hiki kilichukua dakika 15, na mume wangu hakuuliza tena nyama iko wapi.

Mkebe wa bluu kwa njia hiyo hiyo ulitoa mafuta mengi mno, nikalazimika kumwaga vijiko vitatu na kuyahifadhi kwa kukaangia viazi kesho yake, ambavyo, nikiri, vilikuwa vitamu sana. Gamba lilitokea, lakini jembamba. Wa kijani haukujenga gamba lolote: wanga uliokuwa ndani yake uling'ang'ania kikaango, nikakwangua, ukawa makombo. Nilijaribu kuuokoa kwa kuuchanganya na mayai mawili, na kwa mayai ulikubalika. Siwezi kusema zaidi ya hapo.

Shangazi alifika siku ya Ijumaa akiwa na mfuko wa sombe (majani ya mihogo) iliyokwisha kutwangwa, kwa kuwa haamini sombe ya masoko ya Lubumbashi, ambayo anasema hutwangwa na watu wenye haraka. Alikuta nimebandika kichwani mwangu mradi huu wa mikebe, akasikiliza maelezo yangu kwa subira ya mtu mzima, akaomba kijiko, akaonja nyama ya mkebe mwekundu ikiwa baridi. Alitafuna polepole. Kisha akasema, kwa Kiswahili chetu cha nyumbani: «Mwana wangu, iyi si nyama. Iyi ni bitoyo ya ngombe.»

Nilicheka, lakini usiku sikulala haraka, kwa sababu katika sentensi hiyo moja alikuwa amesema nililokuwa nikilizungukia kwa wiki mbili. Bitoyo, kwa wasioijua, ni samaki wa chumvi ambaye kipande chake kidogo hutosha kuamsha chungu kizima cha majani. Hakuna mtu wa hapa anayepika bitoyo kilo nzima na kuila kama samaki mbichi. Hakuna anayeilinganisha kwa bei na samaki mbichi. Tunainunua kwa ajili ya chumvi yake, harufu yake na ukaidi wake, na tunaitia ndani ya kitu kisichokuwa na hayo. Nyama ya mkebe ni ndugu wa bitoyo kwa baba na mama: imezaliwa na chumvi na kulelewa na safari ndefu. Kosa letu lilikuwa kuiweka katika ukoo wa nyama ya buchani, kisha kuilaumu kwa kutofanana na ndugu ambao si wake.

Jumamosi tulipika sombe. Majani ya mihogo yaliyotwangwa yalichemshwa kwanza peke yake, chungu kikiwa wazi, kwa muda mrefu kama inavyotakiwa ili ile sumu ya asili iliyo ndani yake iondoke, na katika hilo shangazi hakubali njia ya mkato ya aina yoyote. Yalipolainika na maji kupungua, tulitia kitunguu, pilipili, na mafuta ya mawese nusu ya kiasi cha kawaida, kwa kuwa mafuta mengine yalikuwa njiani. Nusu ya mkebe mwekundu, gramu 170 hivi, niliikaanga pembeni mpaka ikapata gamba, nikaivunjavunja kwa mwiko, nikaitia ndani ya sombe dakika kumi kabla ya kuepua. Hatukutia chumvi. Hatukutia kile kidonge cha supu ambacho siku hizi kimekuwa kama sala ya kuanzia kila chungu.

Matokeo yalikuwa haya: watu saba (jirani alikuwa amesikia harufu) walikula kwa nusu mkebe, na hakuna aliyehisi kwamba amepunjwa. Nyama haikuonekana kama vipande. Ilikuwa kila mahali, kama ndakala (dagaa) waliosagika wanavyokuwa kila mahali, na lile gamba la kikaango lilikuwa limeipa sombe ladha ya moshi ambayo bitoyo haina. Shangazi aliongeza bukari mara mbili. Nilirudia kwa mkebe wa bluu wiki iliyofuata, bila mafuta ya mawese kabisa, na ukaenda vizuri karibu sawa na mwekundu. Ndani ya chungu, ule wingi wa mafuta uliokuwa kasoro kwenye kikaango unakuwa kitoweo cha bure. Kwa hiyo kwa sombe sioni sababu ya kulipia mwekundu. Wa kijani sikuutia katika sombe. Shangazi alisoma ile karatasi, akaurudisha mezani.

Kwenye maharagwe hufaa kwa kanuni hiyo hiyo. Kwenye lengalenga hufaa ikiwa utaikaanga kwanza, vinginevyo majani yanatoa maji na unarudi kwenye uji. Kwa mkate ni jambo jingine: hapo inataka baridi ili ikatike vipande visafi, na hapa majira yanaamua. Mwezi wa sita na wa saba, asubuhi zetu zinapouma masikio, mkebe uliolala juu ya sakafu ya simenti huwa umeganda vizuri bila friji yoyote. Mwezi wa kumi ni lazima uuzamishe kwenye ndoo ya maji ya kisima usiku kucha, na hata hivyo mafuta yanateleza. Vipande viwili, kitunguu kibichi, pilipili kidogo, mkate wa asubuhi wa kwenye tanuri la mtaa, na mtoto ana chakula cha shule. Kwa mkate, mwekundu hauna mpinzani.

Kuhusu bei, nitasema nilivyoipima siku niliyonunua, kwa sababu katika mji ambao duka hupanga bei kwa dola na kupokea faranga, tarakimu ya leo huchakaa kabla ya Jumapili. Kwa fedha ya mkebe mwekundu mmoja ningepata karibu nusu kilo ya nyama mbichi isiyo na mfupa. Mtu akiona gramu 340 upande mmoja na 500 upande wa pili atasema mkebe ni wizi. Hata hivyo, nyama mbichi ikipikwa hupoteza kati ya robo na theluthi ya uzito wake, kwa hiyo nusu kilo ile ikiiva hukaribia 340 zenyewe, na bado sijahesabu makala ya saa mbili za kuchemsha wala hatari ya friji isiyo na umeme. Kwa hesabu ya nyama, wanakaribia kuwa sawa. Kwa hesabu ya bitoyo, ambayo ndiyo ninayoifuata sasa, nusu mkebe kwa watu saba ni rahisi kuliko chochote nilichopika mwezi ule isipokuwa maharagwe.

Chumvi ndiyo inayonifanya nisiupe mkebe huu alama zote. Gramu 100 za nyama hii huwa na chumvi ya gramu 2 hadi 2.5 hivi, maana yake mkebe mzima wa 340 una gramu 7 au 8, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asipite gramu 5 kwa siku, kwa vyakula vyote pamoja. Mtu anayeumaliza peke yake kwa mlo mmoja, kama nilivyoona vijana wanavyofanya wakirudi kutoka machimboni, amekula chumvi ya siku yake na ya kesho yake nusu. Kuna na lingine. Mwaka 2015 taasisi ya utafiti wa saratani ya shirika hilo hilo iliziweka nyama zilizosindikwa, zikiwemo za mkebe, katika kundi la vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu, na ikakadiria kwamba gramu 50 za nyama hizo kila siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18. Neno la kushika hapo ni kila siku. Mama mkwe wangu, ambaye ana shinikizo la damu, sikumpa hata ya kuonja, na alinuna. Kwa sisi wengine nimeweka mpaka wa mara moja kwa wiki, nusu mkebe kwa chungu, na chumvi ya jikoni inabaki kabatini siku hiyo.

Kununua nako kuna adabu yake. Katika duka moja ambalo sitalitaja nilikuta mikebe ya bei ya kuvutia, nikaona kwamba juu ya tarehe ya mwisho kumebandikwa kijikaratasi kingine cha bei. Nilipokikwangua kwa ukucha, kijana wa duka aliniambia: «Mama, iyo haina shida, mukebe haiozake.» Nilimwambia mkebe hauozi kweli, lakini kilicho ndani yake sikukipika mimi, nikaurudisha. Tarehe isomeke yote. Mkebe uliofura juu au chini usinunuliwe hata kwa bei ya bure, kwa sababu kilichoufurisha ni gesi ya vijidudu. Kubonyea kidogo ubavuni ni alama ya safari tu, na safari ya kutoka bandari ya Durban au Dar es Salaam hadi hapa ni ndefu kiasi kwamba sishangai. Lakini kubonyea kwenye mshono au kwenye ukingo nakuogopa, kwa kuwa hapo ndipo tundu dogo lisiloonekana hujificha. Mwaka 1964 mji wa Aberdeen huko Scotland ulipatwa na homa ya matumbo, watu zaidi ya 400 wakaugua, na chanzo kikafuatiliwa hadi kwenye nyama ya mkebe iliyotoka Argentina: baada ya kupikwa kiwandani, mikebe ilikuwa imepozwa kwa maji ya mto yasiyosafishwa, na maji hayo yakapenya. Nyama ilikuwa imeiva kabisa. Tundu ndilo lililoleta msiba.

Ukishafungua, hamishia kilichobaki kwenye bakuli la kioo au la plastiki lenye kifuniko, usikiache mkebeni. Penye friji ya kuaminika kitakaa siku mbili. Hapa kwetu nimejifunza kuhesabu siku moja, na umeme ukikatika mchana, kinaliwa usiku huo huo. Hilo ndilo pungufu la mkebe wa 340 kwa anayefuata njia ya bitoyo: nusu ya pili inakutazama. Laiti wangeleta kwa wingi mikebe ya nusu uzito, ningenunua hiyo hata kwa bei ya juu kidogo.

Kwa alama, basi: mwekundu naupa nane kwa kumi kwenye kikaango na mkate; wa bluu saba, na nane ndani ya sombe, ukipungukiwa na ule ufunguo wake wa chuma dhaifu; wa kijani nne, zote kwa ajili ya pete na mayai. Katika mikebe niliyonunua ulibaki mwekundu mmoja, ambao nilikuwa nimeuweka nyuma ya unga ukingoje mgeni wa ghafla au giza lingine la siku tatu. Shangazi alipofunga mizigo yake ya kurudi Likasi aliutoa huko bila kuuliza, akauviringisha ndani ya kitenge, akaniachia mfuko wa pili wa sombe mahali pake.